Mbegu ndani ya ua: namna ya kuzalisha aina mpya ya viazi vitamu kwa ukanda wa joto

Mkulima akisema ana mbegu ya viazi vitamu, karibu kila mara ana maana ya marando: vipande vya shina anavyokata shambani na kuvichomeka tena tutani. Mbegu hasa, ile ndogo nyeusi iliyo ngumu kama kokoto ndani ya kifuko kilichokauka, wengi hawajawahi kuitazama. Mwongozo huu ni wa hiyo mbegu nyeusi. Rando hukurudishia kiazi kile kile cha mwaka jana. Mbegu hukupa kiazi ambacho hakijawahi kuchimbwa na mtu yeyote.

Kiazi kitamu kina kromosomu (nyuzi ndogo zinazobeba urithi) 90, katika seti sita, ilhali sisi binadamu tuna seti mbili. Juu ya hayo, ua lake hukataa chavua yake lenyewe, na mara nyingi hata chavua ya ndugu wa karibu. Ndiyo maana mbegu mbili za kifuko kimoja zikiota, moja yaweza kuzaa kiazi chekundu chenye nyama ya njano na nyingine ikatoa mizizi myembamba kama kamba. Huo ndio ugumu. Urahisi ni kwamba ukishampata mmoja mzuri, huhitaji vizazi vya kumtuliza kama inavyobidi kwa maharage. Unakata marando, na kila rando ni nakala yake kamili. Kwa hiyo kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya kutupa: unazalisha wengi, unatupa karibu wote, unabaki na mmoja au wawili. Asiyeweza kutupa asianze.

Kwanza hakikisha tatizo si ugonjwa

Watu husema "mbegu yetu imechoka". Aina haichoki. Marando yanayokatwa shamba hadi shamba kwa miaka hukusanya virusi, na mavuno hushuka kidogo kidogo hadi mtu anaanza kuilaumu aina yenyewe. Kabla hujaingia miaka minne ya kuchavusha na kuchuja, tafuta marando safi ya aina ile ile, kutoka kituo cha utafiti au kwa mzalishaji anayekuza ndani ya chandarua, uyapande tuta kwa tuta na yako. Yakizaa vizuri, umeshapata jibu kwa gharama ndogo. Ukikosa pa kuyapata, pita shambani wiki ya sita hadi ya nane, weka kijiti kwenye mashina yasiyo na dalili hata moja, rudi siku ya kuvuna uangalie yale yenye kijiti tu, na ukate marando kwa yaliyozaa vizuri. Rudia misimu miwili au mitatu.

Kama hata marando safi hayakidhi haja, endelea.

Chagua sifa tatu, zisizidi

Orodha ya matamanio haina mwisho: mavuno, rangi, unga, kukomaa mapema, kustahimili ukame, virusi, fukusi, umbo, na kukaa ardhini muda mrefu bila kuoza. Ukichuja kwa sifa kumi kwa pamoja hutabakiwa na kitu. Chagua tatu ambazo bila hizo hakuna atakayepanda, na nyingine ziwe nyongeza.

Jua pia kwamba baadhi ya sifa hugombana. Mgogoro maarufu ni kati ya rangi ya chungwa na unga. Nyama ya chungwa ni dalili ya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini kwa kawaida viazi vyenye rangi hiyo huwa majimaji. Beauregard, aina ya Marekani iliyotolewa Louisiana mwaka 1987, ni mfano mzuri: ina rangi ya kupendeza na huzaa sana kwao, ila ni laini mno kwa walaji wanaotaka kiazi chenye unga, na virusi vya Afrika Mashariki huiangusha upesi. Wazalishaji wa Uganda na Msumbiji walitumia miaka mingi kuitenganisha rangi na maji hayo, na mwaka 2016 Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, pamoja na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kurutubisha mazao, viazi hivi vikiwa mstari wa mbele. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu bado wanaamini kiazi cha chungwa lazima kiwe majimaji. Si lazima, ila itakubidi uangalie miche mingi kabla hujampata huyo.

Wazazi

Anza na wazazi wanane hadi ishirini. Nusu wawe aina za kienyeji zilizodumu katika hali ya hewa unayolenga, na nusu wawe na kile kinachokosekana: rangi, mavuno au kukomaa mapema. Usitegemee wageni peke yao hata wakisifiwa vipi. Aina ya kienyeji iliyonusurika kiangazi na virusi kwa miongo kadhaa imeshafanyiwa majaribio ambayo wewe huna muda wa kuyafanya.

Kuhusu virusi kuna jambo la kuzingatia hapa. Ukinzani wake hurithiwa kwa namna iliyojificha: mtoto hauonyeshi mpaka aupate pande zote mbili. Ukichanganya mzazi mkinzani na mzazi dhaifu, karibu watoto wote watakuwa dhaifu na utadhani umeshindwa. Weka wazazi wakinzani wasiopungua watatu, tena wasio wa ukoo mmoja, na uwakutanishe wao kwa wao pia.

Wazazi wote wawe safi. Mmea mgonjwa huchanua vibaya na hufunga mbegu chache.

Kuyafanya maua yaje

Hapa ndipo wengi hukwama, maana kuna aina zinazochanua kama magugu na nyingine hazitoi ua hata moja. Kiazi kitamu hupenda kuchanua siku zikiwa fupi, mwanga ukidumu saa 11 hivi kwa siku. Karibu na ikweta tofauti ya urefu wa siku ni ndogo, hivyo huwezi kutegemea majira peke yake. Panda wazazi kwenye ardhi isiyo na mbolea nyingi ya naitrojeni, maana mmea ulioshiba naitrojeni hutoa majani tu, kisha yapandishe mashina kwenye fito za urefu wa mita moja na nusu hadi mbili badala ya kuyaacha yatambae. Shina lililonyanyuliwa huchanua kuliko lililolala, na wewe pia hutainama kila asubuhi kwa miezi miwili.

Kwa wagumu, tumia kubebesha. Kuna ndugu wa porini wa kiazi kitamu, Ipomoea setosa na Ipomoea nil, wanaochanua kwa urahisi sana. Otesha mbegu zao kwenye vifuko. Baada ya mwezi hadi mwezi na nusu, kata kichwa cha mche, upasue katikati kwa wembe safi kina cha sentimita mbili, chukua ncha ya mzazi wako yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, punguza majani, ichonge kama kabari na uipachike. Funga kwa ukanda wa plastiki, funika kwa mfuko wa nailoni unaoonyesha, weka kivulini wiki moja, kisha anza kuufungua kidogo kidogo. Kuna faida ya ziada: Ipomoea setosa huonyesha dalili za virusi waziwazi. Kitako, yaani ule mche wa porini uliobebeshwa, kikianza kutoa majani yenye mabaka, ujue mzazi uliyembebesha hakuwa safi, hata kama yeye mwenyewe alionekana mzima.

Kuchavusha

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwaachia nyuki. Panda wazazi wote kwenye kitalu kimoja, kila mmoja akirudiwa mara kadhaa kwa mpangilio wa kubahatisha ili kila mtu apate jirani tofauti, na kiwe mbali na viazi vingine. Nyuki watachanganya, wewe utaokota vifuko ukiandika mama tu. Baba hutamjua. Kwa mwenye mikono michache hii ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa kuwa utapata mbegu nyingi kwa kazi ndogo.

Ya pili ni ya mkono, kwa yule anayetaka wazazi wawili maalumu. Ua hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limenyauka, kwa hiyo kazi huanza jioni iliyotangulia. Tafuta matumba yatakayofunguka kesho: yamerefuka, yana ncha, na rangi imeanza kujitokeza. Yafunge ncha kwa kibanio kidogo au kipande cha mrija wa kunywea, ya mama na ya baba, ili nyuki asikutangulie. Asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, chuma ua la baba, vua petali zake zibaki stameni (vijiti vyenye chavua), lifungue la mama, na usugue stameni taratibu kwenye stigma (ncha ya katikati inayopokea chavua) mpaka uone chavua nyeupe imeshika. Funga tena ua la mama kwa kibanio kile kile. Futa vidole kwa spiriti kabla ya kushika baba mwingine.

Andika lebo papo hapo: mama, baba, tarehe. Tumia penseli. Mimi niliwahi kutumia kalamu ya wino, mvua ya siku tatu ikanyesha, nikabaki na vifuko zaidi ya mia visivyo na jina.

Ua lililokataliwa hudondoka ndani ya siku chache. Likibaki na kikonyo chake kikanenepa, umepata. Baadhi ya jozi hukataana kabisa, hata ukichavusha maua hamsini. Geuza mama awe baba, na ikishindikana achana nao. Kifuko huwa tayari baada ya wiki nne hadi sita, kikiwa kahawia na kikavu. Kichume kabla hakijapasuka, maana kina mbegu moja au mbili tu kwa kawaida, nne zikiwa nyingi, na kuzitafuta chini ni adha. Zikaushe, ziweke kwenye chupa isiyopitisha unyevu. Mahali pakavu penye ubaridi hudumu miaka mingi, kwa hiyo huna haraka ya kuzipanda zote msimu mmoja.

Kuotesha

Ganda la mbegu haliruhusu maji kupita. Maabara hutumia asidi ya salfuriki, nami sioni sababu ya mtu wa kawaida kucheza nayo. Chukua kikata kucha au msasa, utoboe ganda upande ulio kinyume na kile kidoa ambapo mbegu ilishikilia, mpaka uone weupe kidogo tu, kisha loweka usiku mmoja. Zilizovimba ziko tayari, na zisizovimba zitoboe tena. Panda kina cha sentimita moja kwenye trei au vifuko, ndani ya chandarua kinachozuia wadudu. Nyingi huota ndani ya wiki.

Kila mche mpe namba yake na usiibadilishe maisha yake yote. Baada ya miezi miwili hadi mitatu shina litakuwa refu vya kutosha kukata marando. Usiuhukumu mche kwa mizizi yake ya kwanza: mmea uliotoka kwenye mbegu hujenga mizizi tofauti na uliotoka kwenye rando, na utakudanganya.

Kuchuja

Zamani mzalishaji alipanda miche mahali pamoja, mwaka uliofuata akaongeza eneo, wa tatu akaongeza tena, na miaka saba au minane ikapita. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, kimeeneza njia ya mkato: badala ya kungoja miaka ikupe hali tofauti, panda sehemu tatu tofauti tangu msimu wa kwanza. Moja iwe kavu, moja iwe na virusi vingi, moja iwe na rutuba ya kawaida. Kwa mpango huo aina yaweza kupatikana ndani ya miaka minne au mitano.

Msimu wa kwanza kila namba ipate tuta fupi la mita moja, mashina matatu au manne, bila marudio, katika kila sehemu. Kila baada ya namba ishirini hivi weka aina ya ulinganisho, ile ambayo wakulima wanaipanda sasa. Bila hiyo hujui unachopima. Kwenye eneo la virusi, panda katikati ya mistari marando yaliyougua ya aina dhaifu, ili yasambaze. Ndiyo, kwa makusudi, na mbali na shamba la kuzalishia marando safi.

Ugonjwa unaoutafuta huletwa na virusi viwili vikikutana: kimoja hubebwa na vidukari, kingine na inzi weupe. Kikiwa peke yake kila kimoja huweza kuvumilika. Cha inzi weupe hubomoa ulinzi wa mmea, cha vidukari kikaongezeka mara mamia, na majani yanakuwa membamba, yamekunjamana na kupauka, shina likadumaa. Mavuno hupungua zaidi ya nusu, wakati mwingine yakakosekana kabisa. Pita wiki ya sita na upite tena karibu na kuvuna, ukitoa alama 1 hadi 9. Mara mbili ni lazima, kwa kuwa baadhi ya aina huugua kisha machipukizi mapya yakatoka mazima, na hizo ni za thamani.

Siku ya kuvuna usipime kila kitu. Chimba, weka viazi juu ya tuta lake, tembea na daftari. Visivyozaa, vyenye mipasuko, vilivyotawanyika mbali na shina, vyenye umbo la nyoka, ng'oa. Ukianza na namba 600, kubaki na 60 si ukatili. Uwe na mtu mwingine anayechagua bila kuona alama zako, halafu mlinganishe.

Msimu wa pili na wa tatu ndipo unapoanza kupima. Matuta mita moja kutoka moja hadi jingine, marando ya sentimita 25 hadi 30 kila sentimita 30, yaani karibu mashina 33,000 kwa hekta. Kila namba ipate mistari mitano ya mita tano, marudio matatu, na uvune mistari mitatu ya kati tu, kwani ile ya pembeni hufaidi au huumia kwa jirani. Mistari hiyo ni mita za mraba 15, hivyo kilo 30 hapo ni tani 20 kwa hekta. Pima viazi vinavyouzika mbali na vidogo.

Unga pima hivi: chukua viazi vitatu vya wastani, vikatekate, pima gramu 200, kausha kwenye oveni ya nyuzi 70 mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 58, uzito mkavu ni asilimia 29. Chini ya 25 walaji wengi wa kitropiki watalalamika kwamba ni maji. Ukikosa oveni, anika juani sambamba na aina ya ulinganisho siku ile ile. Hutapata namba sahihi, ila utajua nani amemzidi mwenzake.

Mambo mawili huwa yanasahauliwa. Kwanza, marando kiangazini. Aina inayozaa sana lakini mashina yake yote hufa mvua zikikatika haitamfikia mtu yeyote, kwa sababu hakutakuwa na cha kupanda. Baada ya kuvuna acha mashina machache ya kila namba ardhini bila kumwagilia, uone nani anachipua mvua ya kwanza ikinyesha. Pili, kuonja. Chemsha sampuli zote kwa muda mmoja, zipe herufi badala ya majina, weka ile ya ulinganisho ndani yake, na waonje wapishi na watoto, si wataalamu peke yao. Nimeona kiazi kilichoongoza kwa uzito kikiwekwa pembeni baada ya kijiko cha kwanza.

Kuhusu fukusi, usitarajie ukinzani kamili. New Kawogo, aina ya Uganda, ina kemikali kwenye ngozi ya kiazi zinazozuia kwa kiasi viluwiluwi vya fukusi, lakini msaada mkubwa zaidi hutoka kwenye umbo: kiazi kinachokaa kina kirefu, chenye shingo ndefu, kilichokomaa mapema kabla udongo haujapasuka. Chuja kwa hayo. Katika jaribio moja vuna nusu ya shamba mwezi wa nne na nusu iliyobaki mwezi wa sita, uone kilichotobolewa.

Mmoja aliyebaki

Ukifikia namba mbili au tatu, wapeleke kwa wakulima wapande wenyewe kwa mbinu zao, bila wewe kusimamia. Wakati huo huo wasiliana na taasisi ya taifa ya utafiti, kwa sababu nchi nyingi haziruhusu kuuza marando ya aina mpya kabla haijathibitishwa kuwa inatofautiana na zilizopo, inafanana mmea kwa mmea, na haibadiliki. Ni vyema uwahusishe tangu majaribio ya pili, la sivyo utarudia misimu yote mbele yao.

Na tangu siku ile namba ilipoingia kwenye 60 bora, weka mashina yake mawili kwenye vyungu ndani ya chandarua, na mengine mawili mahali pengine kabisa. Shambani itapata virusi, hilo halikwepeki. Kwa kiangazi kirefu chagua viazi vidogo vizima visivyo na tundu, vipange kwenye beseni ndani ya mchanga mkavu na uviweke mahali penye ubaridi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vipande kwenye kitalu na umwagilie, vichipue. Marando ya kwanza kukatwa hapo ndiyo ya kupanda, na kama yana jani lililokunjamana, yang'oe urudi kwenye chungu.